Muulize Mkunga: Kondo la nyuma na watoto wanaowahi

Tangu tuchapishe makala ya watoto njiti, barua hazikatiki. Wengi hamuulizi namna ya kumlea njiti; mnauliza kwa nini aliwahi. Leo nimechagua barua ambazo jibu lake, lote au nusu yake, limo kwenye kondo la nyuma. Mimi nimestaafu leba mkoani Tanga. Kondo nimelishika, nimelipima na nimelitupa shimoni mara nyingi mno, na nina neno nalo.

Shikamoo mkunga. Nina miaka 26. Mimba yangu ya pili ilifika wiki 31, usiku nikiwa nimelala chupa ikapasuka. Sikuanguka, sikupigwa, sikuugua. Kesho yake nikajifungua mtoto wa kiume, gramu 1,500. Namshukuru Mungu anaendelea vizuri. Hospitali waliniambia hakuna sababu. Mama mkwe anasema sababu ipo: nilibeba ndoo za maji na nilikula udongo. Naomba ukweli. — Mama wa Njiti, Morogoro

Marahaba mwanangu, na hongera. Udongo uache kwa sababu ya minyoo na upungufu wa damu, chupa haihusiki. Kazi nzito mjamzito apunguziwe, hilo nakubaliana na mkweo, lakini ndoo ya maji haimpasulii mtu chupa usingizini. Mwambie kwa adabu zote, kisha mpe mjukuu ambebe.

Tuje kwenye hilo la "hakuna sababu". Nimelisikia likisemwa leba kwa miaka mingi, na mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyeitafuta. Mtoto huitwa njiti akizaliwa kabla wiki 37 hazijatimia. Mwaka 2020 walizaliwa kiasi cha milioni 13.4 duniani, karibu mmoja katika kila kumi. Karibu theluthi yao hutolewa na madaktari kwa makusudi, kwa mfano presha ya mama ikipanda vibaya. Waliobaki ni kama wako: uchungu unaanza wenyewe, au chupa inapasuka yenyewe. Kwa hawa ndiko tunakoona aibu nyingi na lawama nyingi, na kondo linakwenda shimoni bila kuulizwa.

Kondo si kipande cha mwili wako wewe. Limetokana na yai lile lile lililomtoa mtoto, likajishikiza kwenye ukuta wa kizazi chako. Upande mmoja linachota kwenye damu yako, upande wa pili linampelekea mtoto, na damu zenu mbili hazichanganyiki. Mimba ikitimia lina uzito wa kama nusu kilo na upana wa sentimita 20 na ushee. Na chupa iliyokupasukia ni sehemu yake: ni ngozi mbili nyembamba zinazoanzia kwenye kingo za kondo na kumzunguka mtoto na maji yake.

Kwa mtu ambaye chupa imetangulia, jambo la kwanza ninalolifikiria ni maambukizi. Bakteria wanaoishi ukeni, au wale wa UTI isiyotibiwa, wanapanda kupitia mlango wa kizazi mpaka kwenye ngozi za chupa. Mwili unawaona na kupeleka askari wake. Vita hiyo inatoa kemikali, zikiwemo prostaglandini, na hizo ndizo zinazolainisha mlango wa kizazi, kuidhoofisha chupa na kukifanya kizazi kibane. Mama anaweza asiwe na homa wala harufu yoyote. Ukiliweka kondo chini ya hadubini ndipo unapozikuta seli nyeupe zimejaa kwenye ngozi zake. Kadiri mtoto anavyowahi, hasa kabla ya wiki 28, ndivyo hali hii inavyokutwa mara nyingi zaidi.

La pili ni mishipa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi hawajui kitu. Ndani ya ukuta wa kizazi kuna mishipa midogo iliyojipinda inayoleta damu ya mama. Katika nusu ya kwanza ya mimba, seli za kondo huivamia mishipa hiyo, zikaivunja misuli yake na kuipanua, ili damu imwagike kwa wingi na kwa upole. Daktari Mbelgiji Ivo Brosens na wenzake waliyaeleza mabadiliko haya mwaka 1967. Mishipa isipopanuka, damu inakuja kidogo na kwa kishindo. Ukiwa unamwagilia mchicha kwa mpira ukaubana mdomo kwa kidole gumba, unajua maji yanavyoruka na kuilaza miche: ndivyo vinavyoumia vijinyuzi vya kondo. Zamani tulifundishwa kwamba hitilafu hii ni ya kifafa cha mimba na watoto waliodumaa tumboni. Baadaye ikaonekana pia kwa baadhi ya wanawake ambao presha yao ilikuwa nzuri kabisa, ila uchungu uliwaanza mapema au chupa iliwapasukia mapema. Hitilafu hiyo imekwishatokea kabla wewe hujaanza kuvaa nguo pana. Utalaumiwaje kwa ndoo ya wiki ya 31?

La tatu ni damu kuvuja nyuma ya kondo, likaanza kubanduka kidogo kidogo. Damu inayoganda hutoa kimeng'enya kiitwacho thrombini, na thrombini inaamsha kizazi kibane na inaila chupa. Ndiyo maana mama aliyetokwa na damu mapema katika mimba tunamfuatilia kwa karibu hata kama damu ilikoma.

Kuna na saa. Kondo linatengeneza homoni ya CRH, ambayo ubongo nao huitengeneza, na kiwango chake kwenye damu ya mama hupanda kadiri mimba inavyokua. Mwaka 1995 watafiti wa Australia, Roger Smith akiwemo, walionyesha kwamba kwa waliojifungua mapema ilikuwa juu tangu miezi ya kati, na kwa waliochelewa ilikuwa chini. Wakasema kondo lina saa yake. Usiende maabara kudai kipimo hicho. Si cha kliniki. Nimekitaja uone tu kwamba muda wa kuzaa haupangwi na kizazi peke yake.

Mambo hayo mara nyingi hukutana mawili kwa mama mmoja. Lako lilikuwa lipi, mimi siwezi kusema nikiwa Tanga na kondo likiwa limekwishaoza Morogoro. Mimba ijayo anza kliniki mapema sana, mwambie daktari tangu siku ya kwanza kwamba chupa ilikupasukia wiki ya 31, pima mkojo hata kama hauumi, na uulize kama unaweza kupimwa urefu wa mlango wa kizazi kwa ultrasaundi ya ukeni kati ya wiki 18 na 24. Ukionekana mfupi, kuna projesteroni ya kuweka ukeni inayosaidia.

Habari za kazi dada mkunga. Mke wangu alijifungua wiki ya 33 hapa kwetu. Nesi akaniuliza: kondo mnalichukua au tulitupe? Mama yangu alitaka tulizike nyumbani kama ilivyo desturi, tukalichukua. Sasa nimesoma kwamba kondo linaweza kupimwa. Je, tumezika ushahidi? — Baba Mwenye Maswali, Kahama

Nzuri, mdogo wangu. Sehemu ya ushahidi mmezika, ndiyo. Lakini wasiozika hutupa, kwa hiyo usijilaumu mbele ya wenzako. Vituo vingi vyenye leba vina shimo la kondo, la zege na mfuniko, na ndani yake kuna majibu ya maswali mengi niliyoandikiwa mwezi huu.

Kuna uchunguzi ambao hauhitaji mashine yoyote na mkunga yeyote aliyefundishwa anaujua. Kondo likitoka analilaza kwenye trei, upande wa mama juu. Upande huo ni mwekundu uliokoza na umegawanyika vipande kama 15 hadi 20 vilivyobanana. Anahakikisha vyote vipo, maana kilichobaki ndani kitamtoa mama damu. Hapo ndipo wengi tunapoishia, kwa kuwa mama wa kitanda cha pili anaita. Ila dakika mbili zaidi zinatosha kuangalia kama kuna bonge la damu lililong'ang'ania na kuacha bonde: hiyo ni alama ya kubanduka kabla ya wakati. Kama kuna sehemu ngumu, nyeupe au za njano: huko damu ilikatika. Akiligeuza, upande wa mtoto unatakiwa ung'ae. Ukiwa na ukungu kama maji ya mchele, na harufu mbaya, anashuku maambukizi. Anaitazama kamba ya kitovu ilipokatwa na kuhesabu mishipa: miwili inayopeleka damu kwenye kondo, mmoja unaoirudisha kwa mtoto. Anapima uzito. Anaandika.

Hilo la kuandika ndilo ugomvi wangu na wenzangu. Kwenye faili utakuta "kondo limetoka lote", basi. Mama aliyejifungua wiki ya 33 anastahili mistari mitatu zaidi.

Kwa uchunguzi wa hadubini, hospitali yenye daktari wa patholojia huchukua vipande vidogo vya kondo, vya chupa na vya kamba ya kitovu, vikatunzwa kwenye formalini, dawa ya kuvizuia visioze. Mwaka 2014 wataalamu wa fani hii walikutana Amsterdam wakakubaliana namna moja ya kulikata kondo na majina ya hitilafu zake, ili jibu la mji mmoja lieleweke mji mwingine. Kwetu huduma hiyo haipo kila mahali, na panapokuwepo huenda ukalipia. Uliza bei kabla.

Na desturi ya mama yako haigombani na maabara. Vipande vikishakatwa, sehemu iliyobaki, kama haijatiwa dawa, mnapewa kwenye chombo kisichovuja mkazike. Fukieni kwa kina mbwa wasifukue, na anayelibeba avae glavu. Mke wako akishika mimba nyingine, nenda naye kliniki na karatasi aliyopewa hospitali aliporuhusiwa mara iliyopita. Hata kama kondo halikupimwa, uzito wa mtoto, wiki za mimba na jinsi uchungu ulivyoanza vinatoa mwanga mwingi.

Asalaam alaykum bibi. Mimi mzaliwa wa Unguja, naishi Muscat. Uchungu ulinianza wenyewe wiki ya 34, mtoto kilo 1.7. Hospitali walilipeleka kondo maabara. Ripoti inasema damu ya mama haikufika vizuri kwenye kondo, na kuna sehemu zilizokufa. Presha yangu haikuwahi kupanda. Je, damu yangu ndiyo mbovu? Na mume wangu anataka tuzae tena upesi. — Binti wa Mbali

Waalaykum salaam mwanangu. Damu yako nzima. Kilichoandikwa ni habari ya ile mishipa niliyomweleza mwenzako wa Morogoro: haikupanuka inavyotakiwa, kondo likapata kidogo, mtoto akawa mdogo kuliko wiki zake, na mwisho uchungu ukaanza. Umepata bahati ambayo wengi hawana, nayo ni karatasi. Itunze pamoja na vyeti vya nyumba.

Karatasi hiyo ina kazi tatu. Kwanza, mpelekee daktari wako kabla hujashika mimba, umuulize kuhusu aspirini ya kiwango kidogo. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Kongo, Zambia, India, Pakistan na Guatemala kwa wanawake karibu 12,000 wa mimba ya kwanza. Nusu walikunywa aspirini ya miligramu 81 kila siku, wakianza kabla wiki ya 14 haijaingia. Nusu walikunywa kidonge kisicho na dawa. Waliozaa njiti kati ya wenye aspirini walikuwa asilimia 11.6, na kati ya wale wengine asilimia 13.1. Utaona tofauti si ya kupigia ngoma, lakini kwa dawa ya bei ya pipi mimi naiheshimu. Wewe si wa mimba ya kwanza tena, na historia yako ndiyo itakayomfanya daktari aamue. Usijinunulie dukani: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye tatizo la kutokwa na damu au mwenye mzio nayo haimfai.

Pili, mimba ijayo ukuaji wa mtoto upimwe kwa ultrasaundi zaidi ya mara moja, pamoja na mwendo wa damu kwenye kamba ya kitovu. Tatu, na hili halisemwi sana: mwanamke aliyezaa njiti ana uwezekano mkubwa zaidi kuliko wenzake wa kupata presha na maradhi ya moyo miaka ya mbele. Pima presha kila mwaka, hata kama huna mimba.

Ama mumeo, mpe salamu zangu. Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri walau miezi 24 baada ya kuzaa ndipo mjaribu tena. Miezi hiyo ni ya kuijenga damu yako, na yeye atakuwa na wa kumbembeleza usiku.

Bi mkunga, ni kweli mtoto wa miezi saba anapona lakini wa miezi minane hufa? Nina miezi minane kasoro na naumwa mgongo. — Mwenye Hofu, Lindi

Si kweli. Kila wiki anayoongeza tumboni inamkomaza mapafu na ubongo, kwa hiyo wa nane ana nafasi nzuri kuliko wa saba. Uvumi huu ni wa kale sana, Wagiriki wa zamani walikuwa nao. Kaeni nao mbali. Mgongo ukiuma kwa kuja na kuondoka, tumbo nalo likikaza, nenda ukapimwe leo.

Shikamoo bibi. Nina mimba ya kwanza, wiki 22, nipo wilaya ya Muheza. Kliniki wananipa vile vidonge vitatu vya SP vya kukinga malaria, vinanichefua. Mara ya mwisho nilivificha mdomoni nikaenda kutema nje. Nimepima malaria mara mbili, sina. Kwa nini nilazimishwe? — Mjanja wa Muheza

Marahaba, mjanja. Umeandika kutoka mahali pabaya pa kutema SP. Wilaya yako hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti walifuatilia kina mama na watoto wao na kuchunguza makondo ili kujua malaria inafanya nini humo. Kabla yake, mwaka 1996, Michal Fried na Patrick Duffy, wakiwa magharibi mwa Kenya, walikuwa wameonyesha kitu kilichobadilisha fikra za wengi: vimelea vya malaria vilivyotolewa kwenye kondo vinanata mahali ambapo vimelea vya watu wengine havinati. Kimelea kikiingia kwenye chembe nyekundu ya damu huitia protini juu yake, na ile ya kondoni sasa inaitwa VAR2CSA. Inashika aina ya sukari iliyotanda juu ya kondo, iitwayo kondroitini salfeti A. Hapo inatulia, damu ikipita haiondoki.

Matokeo yake, wakikutoboa kidole kipimo kinaweza kusema huna, na kumbe vimekaa kondoni. Seli nyeupe zinajazana hapo kupigana navyo, kondo linavimba kwa ndani, chakula cha mtoto kinapungua. Mtoto anazaliwa mdogo, au anawahi, au yote mawili. Wewe wa mimba ya kwanza ndiye mwenye hatari zaidi. Malaria umeugua tangu utotoni na mwili wako umejifunza kiasi, lakini kimelea hiki cha kunata kondoni haujawahi kukutana nacho, kwa kuwa kondo hukuwahi kuwa nalo. Wenye mimba ya tatu na ya nne wameshajijengea kinga.

SP inaanza baada ya wiki 13, na inarudiwa kwa kupishana walau mwezi mmoja mpaka ujifungue. Dozi tatu ni za chini kabisa, zaidi ni bora. Unaweza kuinywa umekula, basi kula kwanza: uji mzito au muhogo. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, mwambie nesi pale pale. Wasiotakiwa kuinywa ni wenye mzio wa dawa za salfa na wanaotumia septrini kwa sababu ya VVU, kwani septrini inawakinga na haichanganywi nayo. Na kama umeandikiwa foliki asidi ya miligramu 5, mwonyeshe nesi. Kiwango hicho kikubwa huipunguza SP nguvu. Ile ndogo ya miligramu 0.4 haina neno. Neti ulale nayo hata kukiwa na joto. Na uende kliniki wiki hii ukaseme ulitema. Watakugombeza kidogo, watakupa tena.

Mkunga, ultrasaundi ya wiki 33 imesema kondo "limezeeka, daraja la 3". Nitajifungua kabla ya wakati? Kuna dawa? — Msomaji wa Dodoma

Madaraja hayo, kuanzia 0 hadi 3, yanahesabu chokaa inayojikusanya kwenye kondo. Mimba ikikaribia kutimia, chokaa ni kawaida kabisa na wala haianzishi uchungu. Kwa wiki 33 limewahi kidogo. Ni sababu ya kuuliza maswali manne: mtoto anakua sawasawa? Maji yanatosha? Damu kwenye kamba ya kitovu inapita vizuri? Presha yako ikoje? Wavutao sigara na wenye presha hulipata mapema zaidi. Majibu yote manne yakiwa mazuri, rudi nyumbani ukaendelee na kliniki na kuhesabu mtoto anavyocheza. Dawa ya kulirudishia kondo ujana haipo. Akitokea wa kukuuzia, hela yako kanunulie dagaa.

Shikamoo mama. Niko Kilifi, mimba wiki 30. Jana usiku nimeona damu, si nyingi, imekoma yenyewe. Leo tumbo linakaza na kuachia. Shangazi ananiambia nilale miguu juu, itapita. Niende hospitali au nisubiri? — Mwenye Wasiwasi

Huyu nilimjibu kwa simu saa ile ile alipoandika, na nafurahi kusema alienda. Naliweka hapa kwa ajili ya wengine wenye mashangazi.

Damu baada ya miezi mitano ina mambo mawili ambayo lazima yatofautishwe, na huwezi kuyatofautisha ukiwa kitandani kwako. Kondo linaweza kuwa limekaa chini, limefunika mlango wa kizazi: damu yake mara nyingi haina maumivu. Au kondo linabanduka: tumbo linakaza, linauma, wakati mwingine linakuwa gumu kabisa, na damu inayoonekana nje inaweza kuwa kidogo huku nyingine imejificha nyuma ya kondo. Ya pili hii ndiyo ile ya thrombini, na uchungu ukianza nayo huwa na haraka. Wala asikubali mtu yeyote, awe mkunga wa jadi au nesi, amwingize kidole kumpima kabla ultrasaundi haijaonyesha kondo liko wapi. Nimeona damu iliyomwagika kwa kosa hilo.

Hospitalini watapima damu na kundi lake, watasikiliza moyo wa mtoto, watatazama kondo lilipo. Mtoto akielekea kuzaliwa kabla ya wiki 34, na mama hana dalili za maambukizi, kuna sindano za deksamethasoni za kuyakomaza mapafu yake: nne, kila baada ya saa 12. Wazo hilo liliwekwa msingi na Liggins na Howie wa New Zealand mwaka 1972 kwa dawa ya jamii hiyo hiyo. Kwa miaka watu wakabishana kama linafaa hospitali za nchi kama zetu, mpaka utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, uliofanywa Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, ulipoonyesha vifo vya watoto hao vinapungua. Kila saa anayolala miguu juu nyumbani ni saa ya sindano iliyopotea.

Kwa hiyo: kadi ya kliniki mkononi, mtu mzima wa kufuatana naye anayeweza kutoa damu, na hospitali yenye wodi ya watoto wachanga, si zahanati ya jirani, kama barabara na mfuko vinaruhusu. Kama haviruhusu, zahanati iite gari la wagonjwa. Anaweza kurudi nyumbani kesho akiwa salama. Ndivyo tunavyotaka.

Habari mama. Nipo Minnesota. Huku kuna wanawake wanalikausha kondo, wanalisaga na kulimeza kwenye vidonge, wanasema linaongeza maziwa na kuzuia mimba ijayo isiwahi. Nilizaa wiki ya 35, rafiki yangu amenishawishi kwa mimba hii. — Mdadisi

Nzuri mwanangu. Hapana. Hakuna ushahidi kwamba linazuia chochote, na kama kondo la njiti lilikuwa na maambukizi, unawarudisha wadudu mezani. Mwaka 2016 huko huko Marekani, jimbo la Oregon, mtoto mchanga aliugua bakteria wa streptokoka kundi B kwenye damu, akatibiwa, akaugua tena. Mama yake alikuwa anameza vidonge vya kondo lake. Walipovipima wakakuta bakteria wale wale, na kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani kiliichapisha habari hiyo mwaka uliofuata. Hospitali za huko zina madaktari wa patholojia. Kondo likitoka, waombe wao walichukue, na uombe nakala ya ripoti.